Laini Kwenye Pembe ya Leso

Dole gumba lililoloweshwa wino, likibanduka kwenye karatasi, hutoa mlio. Ni mlio mdogo sana, nyap, kama midomo ya mtoto mchanga inapoachia titi, na mahali penye zogo huwezi kuusikia. Lakini siku ile, kwenye darasa la chekechea la kanisa huko Kwa Mwangolo, wazee walikaa kimya kama watu wanaosubiri matokeo ya hospitali, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwashika mikono mmoja mmoja, kwa hivyo niliusikia kila mara. Nyap, kisanduku cha juu. Nyap, kisanduku cha chini. Kila mkulima mara mbili. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimevaa beji ya kazi shingoni kwa mara ya kwanza maishani, na moyo wangu ulikuwa mweupe. Niliona nimeshika mikono ya watu nikiwavusha upande wa pili.

Sijazeeka, nisiwadanganye. Ni miaka michache tu imepita. Lakini mwezi uliopita tulimzika Hawe Nyevu, na nikarudi kutoka matangani nikiwa nimezeeka ghafla kwa hasira. Hawe ndivyo Wagiriama tunavyomwita nyanya. Huyu hakuwa nyanya yangu wa damu. Alikuwa mtu wa kwanza kuandikwa kwenye daftari langu la wakulima, na toka siku hiyo aliniita mjukuu wake bila kuniomba ruhusa. Kwenye matanga nilikaa mkekani na kina mama, tukichambua mchele, mara nikasikia kipaza sauti kikitaja jina la Bwana Safari. Ndiye aliyekuwa msimamizi wangu mwaka ule. Sasa amenenepa, ana miwani ya fremu nyembamba, na kiti alichopewa kilikuwa na mto. Akasimama, akashika kifua, akasema marehemu alikuwa mmoja wa wanufaika wa mwanzo wa mbolea ya ruzuku katika eneo hili, na kwamba kupitia kwake tumeona serikali ikimfikia mama wa chini kabisa. Watu wakapiga makofi ya adabu. Mama Sidi, jirani wa marehemu, aliyekuwa kando yangu na ungo wake, hakupiga. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mnufaika wa nini? Wa laini?" Wenzake watatu wakaangua kicheko, kisha wakakumbuka wako msibani, wakajifunika midomo kwa leso. Mimi sikucheka. Nilishindwa hata kuendelea kuchambua mchele. Nilinyamaza kwa heshima ya maiti, na kunyamaza huko kumenikaa kooni hadi leo, ndiyo sababu naandika.

Mwaka ule nilikuwa nimepanga chumba Bombolulu, kwenye nyumba ya Bi Rukia, kimoja kati ya vyumba sita vinavyotazama ua mmoja. Kilitosha kitanda, jiko la mafuta ya taa na ndoto zangu, ambazo ndizo zilizochukua nafasi kubwa. Shule nilikomea kidato cha pili, lakini mwandiko wangu ulikuwa mzuri, herufi zimekaa kama shanga, na mwandiko huo ndio ulionipa kazi. Mradi wa mbolea ya ruzuku ulitaka makarani wa kusajili wakulima, watu wanaojua Kigiriama na wasiotaka mshahara mkubwa. Siku niliyoletewa habari nilicheza uani mpaka Bi Rukia akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Ehe, kuna nini? Umeposwa?" Nikamwambia nimekuwa karani wa serikali. "Mashallah," akasema, "basi keti ule. Karani hali chakula cha kusimama." Akanipa mahamri na mbaazi za nazi, akakaa kunitazama kama mimi ni mwanawe. Bi Rukia alikuwa wa ukoo wa wafanyabiashara wa zamani, na Kiswahili chake kilinifanya nione aibu ya changu. Usiku kucha nilipanga maisha: nitapandishwa cheo, nitapewa meza karibu na feni, wakulima watakuja wakiuliza yuko wapi yule binti, yule aliyetuletea mbolea.

Basi ndiyo hiyo siku ya chekechea. Utaratibu tuliambiwa ni mwepesi. Mkulima anasajiliwa kwa kitambulisho chake, ukubwa wa shamba, zao lake na nambari ya simu. Mvua za masika zikikaribia, anatumiwa ujumbe wenye nambari za vocha. Anakwenda nao ghalani pamoja na kitambulisho, analipa sehemu ndogo tu ya bei, serikali inamlipia kubwa, anabeba gunia lake. Mwepesi kweli, kwa mtu aliyeko ofisini. Hawe Nyevu alikuwa wa kwanza kwenye foleni kwa sababu alifika kabla ya mlango kufunguliwa. Mfupi, mkavu, macho yamejaa mzaha.

"Zao gani, hawe?"

"Muhogo. Na kunde katikati. Na mabenda kule mwisho, ya mboga."

Nikamtazama Bwana Safari. Akatikisa kichwa. "Muhogo haumo kwenye orodha. Mbolea ni ya mahindi."

"Hawe, mahindi je, hulimi?"

"Nalima, mistari michache, ya kuchoma. Mahindi yanadeka sana, mjukuu wangu. Mvua ikichelewa siku tatu yanazimia. Muhogo haujali. Unaupanda, unausahau, siku ya njaa unaukumbuka."

Watu walicheka. Bwana Safari hakucheka, akaangalia saa. "Mwambie akitaka mbolea alime mahindi shamba zima. Maafisa watapita kukagua. Wakikuta muhogo, jina linafutwa." Nami, na beji yangu, na mwandiko wangu mzuri, nikamgeuzia maneno yale kwa Kigiriama, tena nikayatia sukari. Nikamwambia mbolea hii si mchezo, gunia moja litaamsha udongo ule uliochoka, atavuna mahindi asiyowahi kuyaona, auze, aezeke nyumba mabati. Mabati sikutumwa kuyasema. Niliyatoa kwenye ndoto zangu mwenyewe. Hawe akauliza, "Niung'oe wote?" Nikasema, "Wote, hawe." Nikaandika: mahindi, ekari moja na nusu.

Likaja suala la simu. Karibu nusu ya kina mama hawakuwa nayo. Hapo Bwana Safari alikuwa amejiandaa. Alikuja na kijana wa kuuza laini, akasajili laini mpya kwa kila asiye na nambari, tukaandika nambari ile kwenye fomu, mama akapewa kile kikadi kidogo mkononi. Laini bila simu. Nani kati yetu aliyeuliza itatumika vipi? Hakuna. Mimi niliona tu wanawake wamekishika kile kikadi kwa vidole viwili, kama kucha iliyong'oka, nikawahurumia wasije wakakipoteza. Nikasimama mbele ya darasa nikatangaza kwa sauti yangu yote: "Mama zangu, mbolea yenu imo humu. Kitunzeni sana. Msimpe mtu yeyote, matapeli ni wengi. Hata mwanao asikushikie." Wakanisikiliza. Mmoja mmoja wakafungua pembe za leso, pale wanapoweka vitu visivyostahili kupotea, wakakiweka kikadi, wakakaza fundo kwa meno.

Kisha yakaja madole gumba. Fomu moja ilikuwa na majina mengi, na kila jina lilikuwa na visanduku viwili. Juu paliandikwa kwamba mkulima amekubali kusajiliwa. Chini paliandikwa kwamba mkulima amepokea mbolea. Nilisoma. Sitasema sikusoma. Nilimuuliza Bwana Safari, "Na hiki cha chini?" Akanijibu bila kuinua uso, "Wapige vyote leo. Tutawasumbua wazee waje mara mbili kwa ajili ya wino?" Jibu lilikuwa na huruma ndani yake, na mimi huruma ndiyo inayonipata upesi. Nikawapigisha vyote viwili, na mwisho wa kila fomu, mahali pa shahidi, nikatia jina langu.

Wiki tatu baadaye nilipanda pikipiki kwenda Kwa Mwangolo kuwaangalia, siku yangu ya mapumziko, kwa kuwa niliwapenda. Nilimkuta Hawe Nyevu na Mama Sidi jikoni, wamekalia vibao, wakiponda kimanga kwenye chungu kikubwa, muhogo na maharage pamoja, mvuke umejaa paani. Nje, shamba lote lilikuwa jekundu na wazi, mashina ya muhogo yamelundikwa pembeni kama kuni. Muhogo mwingine ulikuwa haujafika hata nusu ya ukubwa wake. Ile midogo iliyong'olewa kabla ya wakati imetandazwa juani, myembamba kama vidole. Mama Sidi alikuwa akimtania. "Nyevu ameng'oa mpaka ule wa mpakani. Amekuwa mzungu, analima zao moja." Hawe akamjibu, "Wewe endelea na kunde zako. Mabati yangu yakiwaka jua, utakuja kuomba kivuli." Tukacheka sote. Nilikula kimanga kile mpaka nikafungua kifungo. Kilikuwa kitamu, cha moto, kimetiwa tui la kwanza. Nilikula muhogo wake wa mwisho na nikaomba nyongeza.

Mawingu yalipoanza kukusanyika, wanawake kumi na mmoja wa Kwa Mwangolo waliondoka alfajiri kwa miguu kwenda ghalani, na mimi nilikuwa nimetumwa huko siku hiyo kusaidia kupanga foleni. Niliwaona wakija barabarani, wamevaa leso zao nzuri, wengine na watoto wa kubebea magunia. Nilifurahi nikawapungia mkono. Hawe akafika dirishani, akafungua fundo lake kwa meno polepole, akaweka kile kikadi mezani mbele ya mtu wa ghala.

"Nimekuja kuchukua mbolea yangu."

Mtu wa ghala akakitazama. "Nyanya, hii nifanye nini nayo? Niitafune?"

"Kama una njaa, tafuna. Mimi nipe gunia langu kwanza."

Foleni nzima ikaangua kicheko, na hata yule mtu wa ghala alicheka, hakuwa mbaya. Akaeleza: si kadi, ni ujumbe ulio ndani ya kadi. Wanawake wakanigeukia. Sitasahau kugeuka kule, vichwa kumi na kimoja kwa pamoja, bila hasira yoyote bado, wakingoja nimweleze huyu mtu. Nikatoa simu yangu, ile ndogo ya tochi, nikachomoa laini yangu, nikaweka ya Hawe. Ikakaa kimya. Kisha ikalia, ikalia tena. Ujumbe wa kwanza ulikuwa wa wiki nne nyuma: nambari za vocha, na siku ambazo zingetumika. Wa pili ulisema muda wa vocha umekwisha. Nikausoma kwa Kiswahili, nikausoma kwa Kigiriama. Hawe akasema, "Soma tena." Nikasoma tena. Tukajaribu laini ya pili, ya tatu, zote kumi na moja, na zote zilisema hivyo hivyo kwa adabu ile ile, *mpendwa mkulima*. Mbolea yao ilikuja, ikawaita kwa majina, ikangoja, ikaondoka, nayo wakati wote huo imefungwa kwenye leso ubavuni mwao wakilima, wakilala, wakienda kanisani. Na walioifunga wala hawakukosea. Walifanya nilivyowaambia.

Nilikimbia hadi ofisini. Bwana Safari alikuwa anakula biriani kwenye mfuniko wa kopo. Nikamweleza nikitweta. Nilidhani atashtuka. Akapangusa kidole kimoja kimoja.

"Ujumbe ulitumwa?"

"Ulitumwa, lakini—"

"Ulifika?"

"Ulifika kwenye laini, Bwana Safari, lakini hawana simu! Tuliwapa laini bila simu!"

"Kadzo," akaniambia kwa upole, "serikali imefanya kazi yake. Ujumbe ulifika. Wao ndio hawakufika. Hao watu wako wakipewa pilau watauliza iko wapi sima."

Watu wangu. Nilitoka nje nikasimama ukutani nijipange, dirisha lilikuwa wazi, na nikamsikia akiendelea kwenye simu, sauti ile ile ya upole: "Zile mbolea za wasiotokea bado zipo, mzee. Tuma gari tu." Sikujua mzee huyo ni nani. Siku ya pili yake nikipita njiani kurudi Bombolulu niliona bustani ya miche, moja ya zile zinazokuza nyasi za kupamba majumba ya matajiri wa Nyali, na kando ya vitalu magunia yamesimama wima, mapya, yenye maandishi ya ruzuku ya serikali. Mtu mmoja alikuwa anazimwagia nyasi mbolea kwa kikombe cha plastiki, kwa mpangilio, kama anayetia chumvi. Nilimwambia Bi Rukia. Aliacha kukuna nazi. "Nyasi?" akasema. "Nyasi zinakula mbolea ya mahindi ya watu? Wallahi, ingekuwa mbuzi ningeelewa, mbuzi ana tumbo." Akaikuna ile nazi mpaka akajikwaruza mkono.

Ningependa kuandika kwamba nilikwenda kumkabili mwenye bustani. Sikwenda. Niliendelea na kazi, nikijiambia nitaibadilisha nikiwa ndani, maana mtu mwenye ndoto hujua kujidanganya kuliko wengine wote. Mvua ilinyesha, tena nzuri. Mahindi ya Kwa Mwangolo yalichipuka, yakafika magotini, yakawa manjano, yakatoa vishada yangali mafupi kama watoto waliovalishwa kofia za watu wazima, na chini hapakuwa na gunzi la maana. Nilipokwenda tena kumwona, Hawe alikuwa anachemsha papai bichi na chumvi. Alinikaribisha, akanipakulia, akanipa kibao nikae. Nilianza kusema kwamba tulidanganywa sote. Akaweka mwiko chini.

"Mimi sikumsikiliza yule mwenye saa. Kiswahili chake sikukielewa vizuri. Nilikusikiliza wewe. Wewe ndiye uliyeniambia wote."

Hakuinua sauti. Akarudia kukoroga. Mama Sidi akaja na kibakuli cha kunde, akakiweka pale mlangoni bila mzaha wowote, akaondoka, na nikaona kwa jinsi Hawe alivyokipokea kwamba hakikuwa kibakuli cha kwanza. Mwanamke aliyekuwa na shamba zima la chakula ardhini alikuwa anasubiri kibakuli cha jirani. Sikumaliza lile papai. Hilo nalo lilikuwa dharau, na alilitazama.

Hawa watu wanaosimama kwenye vipaza sauti wanadhani sisi tunaudhika kwa sababu mbolea ilipotea. Vitu hupotea. Kinachoniwasha mimi ni kwamba kila kitu kilifanywa sawasawa. Majina yalikuwa sahihi, ujumbe ulikwenda, wino ulikuwa wa zambarau safi. Waliochukua hawakuvunja kufuli. Walimtafuta msichana mwenye uso wa kuaminika, wakamvika beji, wakamtuma akavunje kwa mdomo wake, kwa lugha ya nyumbani. Halafu wanamwita marehemu mnufaika, mbele ya jeneza lake, na mimi nimekaa pale nachambua mchele.

Mwishoni mwa mwaka ule ofisi iliambiwa kuna wageni wa kukagua watakuja Jumamosi. Bwana Safari akanitaka nipigilie orodha za wapokeaji kwenye ubao wa matangazo, ukumbini, zionekane na kila aingiaye. Kwa Mwangolo ilikuwa karatasi mbili. Majina kwa mwandiko wangu, madole mawili mawili, na safu ya mwisho iliyopigwa chapa kwenye kila mstari: *Amepokea*. Chini, shahidi: mimi. Nilizipigilia. Nilirudi nyuma hatua mbili nikaziona zilivyopendeza.

Ijumaa saa saba mchana ofisi ilikuwa tupu, wengine msikitini, wengine kula. Nilijua kwamba nikifanya nililofikiria sitaitwa tena kazini, na kwamba hakuna hata kilo moja ya mbolea itakayorudi Kwa Mwangolo kwa sababu yangu. Yote mawili yalitokea hivyo hivyo. Niliburura kiti hadi chini ya ubao, nikapanda, nikachukua kalamu nyekundu. Nikatafuta wale kumi na mmoja ambao ujumbe wao niliusoma kwa macho yangu, nikaanza na Nyevu. Kwenye kila mstari nilikata lile neno lililopigwa chapa, na kando yake nikaandika *Hajapokea*, taratibu, herufi zikae sawa, asije mtu akasema hazisomeki. Nilipofika chini nilikata sahihi yangu ya zamani. Nikaandika upya majina yangu yote matatu, na mtaa ninaokaa, ili wakitaka kuniuliza wajue pa kunipata.